Mwalimu Aliyejipa Sifuri

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, familia imenipa heshima ya kuwasomea safari ya baba yetu, na naomba mnivumilie nikijivuna kidogo, kwani leo nina haki.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na shangazi yetu aliyekaa hapa mbele anasema alianza kuuliza kwa nini kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1956 hadi 1963, sekondari hadi 1969, kisha chuo kikuu, alikohitimu falsafa Novemba 1973, na babu akawa anamuuliza kila jioni bidhaa hiyo inauzwa wapi.

Tarehe 2 Januari 1975 aliajiriwa kufundisha mantiki katika chuo cha wahubiri, na huko ndiko alikoitwa Mwalimu Duara, kwa sababu mwanafunzi akiandika kwamba Mungu yupo kwa kuwa Maandiko yamesema, na Maandiko ni ya kweli kwa kuwa yametoka kwa Mungu, Baba alichora duara jekundu pembeni, akaweka sifuri, na kuandika chini yake kwamba umetembea sana lakini hujatoka mlangoni. Mwaka 1991 alimpa sifuri hiyo mtoto wa mwenyekiti wa bodi, akaitwa, akaambiwa abadilishe, akakataa kwa adabu zote, na kuanzia tarehe 1 Julai akapelekwa maktaba kupanga vitabu, huku mtaani wakisema ni mkana Mungu, na sisi watoto tukirudi kutoka shuleni tunalia. Iliniuma sana, sitaficha.

Alikuwa amefunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto wanne, wa 1978, 1980, 1983 na 1987, na ni Mama huyuhuyu aliyemkamata. Kule maktaba Baba aliandika kurasa arobaini za kuthibitisha kwamba Mungu yupo, akiamini amewaziba watu midomo, bodi ikafurahi na kumrudisha darasani Agosti 1994, lakini Mama, akizisoma huku anashona sare za shule, akamwonyesha kwamba ukurasa wa sita ameshasema ulimwengu ni kazi ya fundi, halafu ukurasa wa thelathini na moja anashangilia kumkuta fundi huyo, duara lilelile alilowachorea wanafunzi. Baba alizisoma upya kurasa hizo siku mbili, akijua bodi ikisikia huenda akarudishwa kwenye rafu, na siku ya tatu akazibandika kurasa zote kwenye ubao wa matangazo wa chuo, duara jekundu pembeni, sifuri juu, jina lake chini. Bodi ilinuna mwaka mzima, ila wanafunzi walijaa darasani kwake hadi wengine wakasikiliza dirishani, na hakuna aliyethubutu kumgusa tena mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2008.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2021, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akibishana na wauguzi kwa furaha. Wiki ya mwisho aliniomba nisali naye, nikamtania kama hatimaye amepata uthibitisho, akaniambia hoja ni za darasani, sala ni mazungumzo ya nyumbani, na nyumbani mtu haulizwi kitambulisho. Tulisali, sauti yake ikiwa juu kuliko yangu, na Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mliotuletea viti na kutupikia siku zote hizi, wenzake wa chuo, na hata ninyi mliokuja kuhakikisha kama baba yetu alikuwa na imani, karibuni mkae, nimeshawasomea. Baba, ulisema kweli hata ilipokuumiza wewe mwenyewe, nasi tunatembea kifua mbele kwa sababu yako, pumzika sasa kwa amani.