Sista Macho na Kipande Kilichofika Maabara

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kumsindikiza dada yetu. Kazi ya kusoma maisha yake nimepewa mimi, mdogo wake wa pekee. Shemeji alipinga. Mabinti zake wakasema nisome, mradi nisiruke kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mshona nguo. Mama alipotutoka, dada alikuwa na miaka kumi na mitano, mimi sita. Alinilea yeye. Alinifundisha kusoma maandishi ya kwenye maboksi ya sabuni, na aliniita Kadogo hata nilipomzidi urefu.

Alimaliza sekondari mwaka 1979 na kuhitimu uuguzi Desemba 1983. Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji husimulia kwamba kutembea na mkewe kulikuwa kazi, maana aliinama kila hatua kuokota kokoto na kuigeuzageuza. Siku moja akamuuliza, “Mke wangu, na barabara nayo ina figo?”

Mazoea hayo ya kokoto yalitokana na kazi yake. Tangu mwaka 1998 alihudumu katika chumba cha upasuaji ambako kamera nyembamba hupitishwa kwenye njia ya mkojo hadi ndani ya figo, na jiwe likaonekana kwenye skrini. La kahawia iliyokoza, laini juu, alisema ni gumu na leza ya kulivunja itahangaika nalo. La rangi ya chungwa, huenda dawa ingeliyeyusha. Jeupe linalomomonyoka kama chokaa ndilo aliloliogopa: la maambukizi, lenye vijidudu ndani. Alipatia mara nyingi, wakamwita Sista Macho. Lakini hakuyaamini macho peke yake. Kila kipande alikileta maabara kwa mkono wake, na maabara nilikuwa mimi. Kazi hiyo alinitafutia yeye.

Jumanne tarehe 12 Juni 2012 alilazwa mezani mwalimu wa shule ya msingi. Jiwe lilipotokea, dada alimwambia daktari bingwa kwamba ni la maambukizi, wasimamishe, mgonjwa apewe dawa kwanza. Daktari akaendelea kulipasua. Vijidudu vikaingia kwenye damu, na Alhamisi mwalimu akafariki.

Hospitali iliunda kamati. Daktari alisema hakuonywa. Dada akaomba majibu ya kipande yaletwe. Yalikuwepo, niliyaandika mwenyewe, na yalisema alivyosema yeye. Lakini asubuhi ya kikao daktari alikuwa ameniita ofisini kwake, akanikumbusha kwa upole kwamba nafasi ya mkuu wa maabara iko wazi. Nikaiambia kamati kwamba kipande hakikufika.

Ikaamuliwa kwamba dada alikipoteza, na kwamba maneno yake mengine ni ya kujikinga. Alinisubiri kwenye korido.

“Nilikukabidhi mkononi,” alisema.

Nikamwambia nina watoto.

“Mimi nilikuwa na wewe.”

Alihamishiwa chumba cha mashuka, akakunja mashuka miaka tisa hadi alipostaafu Machi 2021. Hakunisema kwa ndugu. Tukikutana kwenye shughuli za ukoo alinisalimia kwa heshima kama mgeni, akaniita Bwana Mkuu.

Januari 2023 aligundulika na saratani ya ini. Mwezi Agosti nilimwomba shemeji aniruhusu kumwona. Dada aliniuliza lile jiwe lilikuwa la nini. Nikamjibu kwamba lilikuwa la maambukizi, kwamba aliona sawasawa.

“Miaka kumi na moja, mdomo ulikuwa nao,” alisema, akageukia ukutani. Nilikaa hadi muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Hakugeuka tena.

Alifariki Jumapili tarehe 3 Septemba 2023, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Jana nimempelekea mume wa mwalimu majibu yale, yenye saini yangu. Barua ya kuacha kazi nimeshaikabidhi.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mimi. Mungu ampumzishe kwa amani. Msamaha sikuupata, na hapa mbele ya jeneza lake siuombi.