Wimbo Ambao Hautapigwa Leo

Ndugu, jamaa, majirani, na wanabendi mliosimama kule nyuma ilhali viti vipo, familia inawasomea maisha ya mume, baba na kaka yetu, ambaye kwenye leseni alikuwa na majina matatu, na mitaani alikuwa Mwalimu Breki tu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mpiga chapa wa serikali na mwalimu wa hesabu. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, kuanzia 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari hadi Novemba 1974, akapata daraja la tatu, na Januari iliyofuata akaajiriwa gereji, jambo ambalo wenye digrii zao kwenye bahasha za kaki hapa msibani watalisikia kama hekaya.

Mwaka 1976 alinunua gitaa la umeme kwa bendi ya hoteli iliyokuwa ikivunjika, akajifunza roki kwa kutegea redio sikio, na Mei 1979 akawa mwalimu wa shule ya udereva, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2017. Tarehe 6 Desemba 1981 alifunga ndoa na muuza dawa aliyekuwa mwanafunzi wake, aliyefeli jaribio mara tatu, na ambaye mpaka leo anaamini alifelishwa makusudi ili masomo yasiishe. Walijaliwa mabinti wawili, mwaka 1983 na 1986.

Sasa nyimbo. Magazeti yaliandika eti marehemu alikuwa akipata maono. Maono gani, by the way, hayakusema. Ukweli ni kwamba mtu anayeshika usukani kwa mara ya kwanza, macho mbele, viganja vimelowa, huropoka, na mwalimu aliye pembeni, mguu juu ya breki yake, hana la kufanya ila kusikiliza. Marehemu alisikiliza, kisha akaandika nyuma ya kadi za wanafunzi. Mstaafu mmoja, gari lilipomzimikia mara ya tano makutanoni, alilisihi, "Usinizimikie mbele za watu, bibie, tutaongea nyumbani," na huo ndio wimbo wa kwanza wa bendi yake kuingia redioni, mwaka 1984, neno kwa neno. Mhasibu aliyegonga pipa la taka alisema, "Lilikuwa linanijia," nao ukawa wa pili. Copyright, yaani hakimiliki, hata hivyo, iko kwa jina la marehemu peke yake, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Tarehe 22 Juni 1990, katika somo la sita, fundi cherehani mmoja alizunguka kiplefti mara nne bila kuthubutu kutoka, na katika mizunguko hiyo akamweleza marehemu kwamba mtoto aliyemzaa analelewa na mdogo wake, kwamba mtoto hajui, na kwamba kila Januari humshonea sare yenye mfuko wa siri kwa ndani, mtoto anasema, "Asante, mama mkubwa," naye anaitika. Akaongeza, "Mwalimu, haya yabaki humu humu garini." Marehemu akasema yatabaki.

Hayakubaki. Marehemu alijaribu kuandika gauni badala ya sare, akautoa na mfuko, lakini mpiga ngoma akamwambia, "Kaka, ukitoa mfuko umeua wimbo," naye akaurudisha, akijua anachofanya. Ulirekodiwa Februari 1991, ukawa ule mnaoujua. Mtoto, akiwa na miaka kumi na mitatu, aliusikia kwenye redio ya jirani, akiwa amevaa sare hiyo hiyo, akahama nyumba zote mbili, akaenda kukaa kwa bibi yake, na kwa miaka saba hakumwita mtu yeyote mama.

Tangu Aprili 1991 marehemu hakuuimba tena, hata aliporushiwa chupa jukwaani, na nyimbo nne alizoandika baadaye zilihusu injini, wala hazikuvuma. Kila mwaka alikwenda kwa fundi kuomba msamaha, na kila mwaka fundi alimjibu, "Unapima nguo au unatoka?" Alipima, ndiyo maana ameacha suruali za kijivu zaidi ya ishirini, zilizoshonwa vizuri mno.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2019. Septemba 2022, akiwa wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, alimtuma mkewe na ombi lile lile, na fundi akajibu, "Mwambie apone kwanza, ndipo nimkatalie vizuri." Marehemu alicheka mpaka nesi akaja mbio. Hakupona, alifariki tarehe 3 Novemba 2022, saa nne na dakika arobaini asubuhi.

Maelezo haya fundi ameyasoma kabla yenu, akafuta mistari miwili, nasi hatukuirudisha. Ameruhusu yaliyobaki yasomwe kwa sharti moja: wimbo ule usipigwe leo, si na bendi, si kwenye simu ya mtu. Wanabendi, tumewasikia mkinong'ona kwamba watu wameufuata huo. Fungasheni vyombo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani walioacha shughuli zao, walimu wenzake wa udereva walioleta magari, na fundi, popote alipokaa, ambaye amekuja, na hatujamuuliza kama amesamehe.

Pumzika, Breki. Amani tunakuombea sisi. Hilo lingine ni la fundi mwenyewe, kutoa au kubaki nalo.