Mshipa Usiokaa Pake

Kwenye basi la asubuhi, fundi cherehani, futi kamba shingoni, aliyeketi na binti yake mbele yangu alikuwa akimbeza daktari. “Binti yangu kazimia mara moja tu uwanjani, daktari anasema eti mshipa wa moyo uliota pasipo pake tangu tumboni mwa mamake, apasuliwe kifua wauhamishe! Kakimbia miaka yote hii, mshipa ulikuwa wapi?”

“Hapo hapo, unabanwa kila akikimbia,” akadakia mama wa kiti cha jirani. “Mimi nilipasuliwa hivyo hivyo. Wewe ukikosea kushona mkono wa koti, unaufumua au unautukana?”

Nilijifanya nasoma gazeti.

“Koti halifi ukilifumua, mama,” fundi akasema, akimtazama binti yake.

Basi likasimama mbele ya hospitali. Binti akachukua begi lake, akashuka wa kwanza. Fundi alikuwa bado ameketi.