Mwalimu Kosa-Moja na Darasa Lililomcheka

Ndugu, jamaa, majirani, walimu, wazazi, na ninyi watoto wa darasa la kwanza mliokaa hapa mbele na sare zenu, familia imemtuma mdogo wake marehemu, kinyozi wa pale njia panda, awasomee maisha ya dada yake, naye anaomba mumvumilie, kwa sababu Jumatano iliyopita, saa kama hizi, marehemu alikuwa amekwishapiga pasi sketi yake ya kazini, amemtania mumewe kwamba kitambi kimeanza kumtangulia mlangoni, na ametoka kwenda kazini akiimba, na Jumatano hii tunamsoma kwenye karatasi. Akili bado hazijatukaa sawa, na tukisema hatujaamini hatusemi kwa ajili ya kupamba msiba.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1974, katika nyumba za wafanyakazi wa hospitali, nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ukuta wa chumba cha kufulia, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba aliyekuwa fundi wa nguzo za simu na mama aliyefua shuka za wodini mpaka alipostaafu. Mama yetu alikuwa akifua kwa kuimba, mikono ikifuata wimbo na wimbo ukifuata mikono, na marehemu, ambaye hakukubali kuachwa nyumbani, alikaa juu ya mafungu ya shuka akiitikia, hivyo kuimba alikujua kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake.

Alianza darasa la kwanza Januari 1982, katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya treni, na hapo ndipo alipokutana na mwalimu wa kusoma ambaye kila neno lililokosewa alilipokea kwa rula kwenye vifundo vya vidole, na marehemu, baada ya kuonja rula hiyo mara kadhaa, aliamua kwamba dawa ni kutofungua mdomo kabisa. Mwaka mzima hakutamka neno darasani, mama akamnywesha maji ya chumvi akidhani ni tonsesi, baba akasema mtoto ana kiburi cha upande wa ukweni, na kumbe bubu huyo huyo, akirudi kule chumba cha kufulia, alikuwa anasoma maandishi ya kwenye magunia ya sabuni kwa kuyaimba, herufi kwa herufi, bila kukosea, kwa kuwa magunia ya sabuni hayana rula. Mama alipomkuta alikaa chini akacheka mpaka akalia, kisha akamshika mkono akaenda naye shuleni, na yaliyosemwa huko ofisini mama hakuyarudia kwa mtu, ila rula ile haikuonekana tena.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1988 na sekondari mwaka 1992, akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1994, akahitimu mwaka 1996 akiwa na cheti cha kufundisha madarasa ya mwanzo na muziki, na Januari 1997 akaajiriwa katika shule hii ambayo walimu na watoto wake wamejaa hapa leo, akapewa chumba cha mwisho karibu na matangi ya maji, chumba ambacho wengine walikikwepa, naye hakukihama mpaka alipotolewa amebebwa.

Anayedhani kufundisha kusoma ni kusimama ubaoni na fimbo, angepita dirishani kwake saa mbili asubuhi angeuliza harusi ni ya nani. Mezani zilijipanga chupa tano za soda zilizotiwa maji, moja karibu kujaa na nyingine tone tu chini, kila chupa na irabu yake, na neno likiandikwa ubaoni darasa lilitakiwa kwanza lilipige kwa kijiko kwenye chupa, ndipo lisomwe kwa mdomo, hivyo mtoto aliyeshindwa kusema aliweza kugonga, na aliyegonga leo, kesho alisema. Sakafuni alichora visanduku vya chaki vyenye silabi, watoto wakaruka mguu mmoja toka ba hadi ta wakitunga maneno kwa miguu, mhudumu wa usafi akalalamika kwa mwalimu mkuu kuhusu chaki ile, akalalamika tena, mpaka jioni moja alipofumwa peke yake, ufagio mkononi, anaruka neno "bata", na tangu siku hiyo malalamiko yakaisha.

Lakini kilichompa jina ni jambo jingine. Kila somo, awe anasoma hadithi au anafundisha wimbo, marehemu alitia kosa moja la makusudi, jogoo akataga yai, mvua ikanyesha kwenda juu, au sauti ikapanda pale ambapo wimbo unashuka, na mtoto wa kwanza kulinasa aligonga kengele iliyokuwa mezani, akasimama, akalisema kosa, akalisahihisha, darasa likampigia makofi, na mwalimu mtu mzima akamwinamia akisema, "Ahsante, mwalimu wangu." Aliamini kwamba mtoto anayewinda kosa la mwalimu hasinzii, tena haliogopi la kwake. Watu husema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, yeye alisema hata kurudia ruksa, mradi mtu aamke akugongee kengele. Ndiyo maana mji mzima ulimwita Mwalimu Kosa-Moja, na wazazi walikuja kumlalamikia kwamba watoto wanawasahihisha mbele ya wageni, na mmoja alidai binti yake alimsahihisha mwenye nyumba siku ya kupandisha kodi, marehemu akajibu kwamba hiyo alama ya kufaulu ataiandika kwa wino mwekundu.

Kengele hiyo ndiyo iliyomletea mume. Mwaka wake wa kwanza kazini aliingia kwa fundi baiskeli wa barabara ya soko, akaomba kengele, fundi akauliza ni ya baiskeli ya aina gani, akajibu hana baiskeli, fundi akaweka spana chini akamtazama vizuri, na fundi mwenyewe husimulia kwamba alisema, "Dada, anayenunua kengele bila baiskeli ama ana wazimu ama ananitafuta mimi." Marehemu alimwambia kwamba sentensi hiyo ina kosa moja, atafute lipi, na fundi alitafuta mwaka mzima. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa watoto wawili, kifungua mimba binti, ambaye leo ni muuguzi wa wodi ya wajawazito, na kitinda mimba mvulana, seremala, ambao wote wawili walijifunza kusoma mezani jikoni kwa vijiko na vikombe, na shemeji yetu hajawahi kumwita mkewe kwa jina, alimwita "mwalimu" hata usingizini.

Sasa tunafika mahali pagumu, na msomaji ameagizwa na familia asiruke mstari.

Kuanzia Januari mwaka huu makosa ya marehemu yalizidi moja. Alisoma hadithi ya sungura akamwita sungura kijiko, darasa likagonga kengele, akashangaa kidogo, akainama akashukuru, kisha akakosea tena, na watoto wakafurahi kwamba mwalimu amewaongezea mchezo. Wimbo aliokuwa ameufundisha tangu kuajiriwa ulimpotea katikati, akaurudia mwanzo, ukampotea palepale. Mwalimu mkuu alipita dirishani, akasikia kengele haikauki, akasimama kwenye mkutano wa walimu akalisifia darasa lililochangamka kuliko yote, na walimu wakampigia makofi. Nyumbani aliomba chumvi akapewa, akasema si hiyo, akaonyesha sabuni kwa kidole, tukavunjika mbavu, mwanawe akamwambia, "Mama, hapa si shuleni, hiyo michezo iache kwa watoto," naye akacheka pamoja nasi. Maumivu ya kichwa aliyasingizia miwani, nasi tukayaunga mkono, na hata binti yake, ambaye kazi yake ni kutazama wagonjwa toka asubuhi hadi jioni, alimtazama mama yake akaona uchovu wa kawaida. Nani angejua? Mtu ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kukosea, akianza kukosea kweli, unamtambuaje?

Jumatano tarehe 15 Mei 2024, kipindi cha pili, alisimama mbele ya darasa akafungua kitabu, neno la kwanza likatoka silo, kengele ikalia, la pili likatoka silo, kengele ikalia, darasa likapasuka kwa kicheko, akaweka kitabu kifuani akasema, "Wanangu, hili la leo si la makusudi," na hata hilo likachekwa, kwa kuwa nani alishamsikia akiongea bila utani. Alijaribu kukalia kiti, akaanguka sakafuni, juu ya visanduku vya chaki. Watoto walicheka tena, wakangoja, kwa maana desturi ni kwamba kosa likisahihishwa mwalimu huinama na kushukuru, na binti wa dawati la mbele, ambaye alijua vizuri kwamba mwalimu hatakiwi kulala sakafuni, aliinuka akagonga kengele. Mwalimu hakuinuka. Akagonga tena, na akaendelea kugonga mpaka mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili alipokuja kuwaambia wapunguze kelele. Tumelisikia hili wiki nzima na bado nywele zinatusimama.

Alipelekwa hospitali ile ile ambayo alizaliwa ukutani kwake, akapigwa picha ya kichwa, ukaonekana uvimbe kwenye ubongo, upande wa kushoto, mahali ambapo daktari bingwa alisema maneno hutunzwa, na ulikuwa umeanza kuvuja damu. Alifanyiwa upasuaji usiku huo, akawekwa chumba cha wagonjwa mahututi, na Jumapili tarehe 19 Mei, saa kumi na moja alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono, alituacha. Daktari aliuliza kama hapakuwa na dalili, shemeji akamweleza habari ya kengele, daktari akavua miwani akasema hajawahi kusikia jambo kama hilo.

Historia ya marehemu kwa kawaida huishia hapo, watu wakashukuriwa na mwili ukaenda kuzikwa. Lakini familia imepata habari kwamba tangu Jumatano ile watoto wa darasa hili wanaambiana kwamba mwalimu amekufa kwa sababu walimcheka, kwamba chupa zimefungiwa kabatini na kengele imefichwa, kwamba wakiitwa kusoma wanainama, na kwamba yule binti wa dawati la mbele hajafungua mdomo wake mpaka leo, nyumbani wala shuleni, na bibi yake, aliyempakata hapa mbele yetu, amejaribu kila njia. Shemeji yetu aliposikia hilo, aliacha kulia akasema kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake, "Hapana. Hili mwalimu hatazikwa nalo. Andikeni."

Basi sikilizeni, watoto. Mwezi wa nne mwalimu wenu alimwendea mwalimu wa hesabu, akamwambia, "Watoto wangu wananigongea kengele mahali ambapo sikuweka kosa, na watoto hawa hawanidanganyi." Mwalimu wa hesabu alimjibu ni uchovu, ajipumzishe, na leo ameomba tuliseme hili mbele yake. Mwalimu wenu hakuridhika, akaenda peke yake kliniki akaomba achunguzwe kichwa, bila kutuambia, na alikuwa amepangiwa kipimo Jumanne tarehe 21 Mei, yaani jana, na sisi tulijua pale kliniki walipopiga simu kuuliza mbona mgonjwa hajafika. Mumewe, aliyekuwa akilala naye, hakumwambia. Mdogo wake huyu anayesoma, mwenye mdomo mrefu kuliko wembe wake, hakumwambia. Walimu walimpigia makofi. Katika watu wote waliompenda, waliomwambia ukweli kila siku, kwa sauti, bila woga, ni ninyi, na mlifanya vile alivyowafundisha. Uvimbe ndio uliomwua, daktari ametuandikia hivyo, na uvimbe hauletwi na kicheko cha mtoto. Na wewe, binti wa dawati la mbele, kengele yako ndiyo iliyomleta mtu mlangoni, hukukosea hata kidogo, mume wa mwalimu wako anakuambia hivyo na sisi wote tunasema pamoja naye.

Familia inawashukuru daktari bingwa na wauguzi waliokesha naye, mhudumu wa usafi aliyekimbia barabarani kusimamisha gari, majirani ambao jiko letu halijazimika tangu Jumapili kwa mikono yao, mwalimu mkuu na walimu wote, na wazazi waliowaleta watoto hawa ingawa wengine waliwashauri wawaache nyumbani. Tunamwomba mwalimu mkuu, kwa heshima zote, kabati lile lifunguliwe Jumatatu, na atakayepewa chumba cha mwisho asiwe mtu wa kuogopa kusahihishwa na mtoto wa miaka saba.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, ndugu watatu na darasa zima la watoto ambao hakuwahi kuwaita wanafunzi, aliwaita walimu wake. Dada, maneno yaliyokutoroka wamekushikia hawa. Sasa lala, pumzika kwa amani, wao wataendelea kusoma.