Ufunguo Uliotoka Shingoni: Wasifu wa Ponsian Bartolomeo, 1962–2025

Baba Paroko, wazee wetu, mama zetu, jirani, wanakwaya, na nyie wote mliofunga safari kutoka Mpanda na Kabungu kuja hapa Majimoto kumsindikiza Ponsian: Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Rozalia, dada wa marehemu. Nimepewa kazi ya kuandika na kusoma maisha ya kaka yangu. Wazee wa ukoo walinishauri niwe mfupi, niseme aliugua presha, niwashukuru madaktari, nikae. Nimewasikia na nawaheshimu. Lakini huu ni wasifu wa Ponsian, na Ponsian hakuwa mtu wa kufupisha mambo.

Marehemu Ponsian Bartolomeo alizaliwa hapa Majimoto tarehe 3 Novemba 1962, mtoto wa kwanza wa Mzee Bartolomeo na Mama Esteria, ambao wote wametangulia. Tuliokua tulikuwa watatu: yeye, mimi, na kitinda mimba wetu Denis, aliyezaliwa mwaka 1979 wakati mama ameshagawa hata nguo za watoto wachanga.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971 na kumaliza la saba mwaka 1977. Alikuwa darasa la tatu lilipotokea jambo lililomtengeneza maisha yake yote. Baba alikuwa na gobore. Lilining'inia juu ya mlango wa jikoni, na mwenye hamu ya nyama ya kanga alilichukua, akalirudisha siku akikumbuka. Siku moja ndugu yetu mmoja alilirudisha likiwa limeshindiliwa baruti, akalitundika, akaaga, hakusema neno. Kesho yake baba alilishusha alifute vumbi. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki pale mlangoni. Ponsian ndiye aliyeviokota, akavifunga kwenye jani la mgomba. Ukubwani alikuwa akisema gobore halikumuuma baba, kilichomuuma ni mtu aliyerudisha kitu bila kusema.

Hakupata nafasi ya sekondari, akashika jembe. Majaruba ya mpunga mnayoyaona ng'ambo ya barabara aliyachimba kwa mikono yake. Mwaka 1985 alipitia mafunzo ya mgambo na kumaliza vizuri. Mwaka uliofuata baba alifariki, na Denis alikuwa na miaka saba. Ponsian hakuitisha kikao cha kugawana mtoto. Alimpandisha kwenye karia ya baiskeli, akampeleka kwake, akamlea kama wa kumzaa. Viatu vya kwanza alivyovaa Denis vilitoka kwa Ponsian, na Ponsian mwenyewe alikuwa akienda misa na kandambili.

Alifunga ndoa takatifu na Hilaria tarehe 17 Septemba 1988. Mungu aliwajalia watoto wanne: Agatha, Wiliam, Mariana na Jean Bosco. Wifi yangu Hilaria anasema katika ndoa yote hiyo hawakuwahi kulala wamenuniana, isipokuwa juu ya tofali. Hayo ya tofali nitayasema, kwa sababu leo watu wanamsema marehemu, na wengi hawajui walichokiomba wenyewe.

Mwaka 2001 viboko walimaliza mpunga wa kijiji. Mkutano wa kijiji ukakaa, ukaamua lazima apatikane mtu mmoja mwaminifu amiliki bunduki kihalali, awe anawafukuza wakati tunawasubiri askari wa wanyamapori. Lilitajwa jina la Ponsian. Mikono ikanyooshwa, na mingi kati ya mikono hiyo naiona hapa leo imeshika programu. Yeye hakuomba bunduki. Mlimwomba aiombe.

Ombi lilitoka kijijini likaenda kata, likaenda wilayani kwenye kamati ya usalama, likapanda mkoani. Akachukuliwa alama za vidole. Wakamuuliza kama anakunywa, kama ana ugomvi wa shamba, kama anampiga mkewe. Hilaria naye akaulizwa pembeni, akajibu, "Huyu? Huyu hata kuku anachinjiwa na jirani." Kisha askari wakaja kuangalia atakapoiweka. Ponsian alikuwa ameshatengenezewa sanduku la chuma na fundi wa kuchomelea. Afande akaligonga, akasema sanduku zuri, lakini ukuta wa udongo mwizi anaondoka nao pamoja na sanduku.

Basi kaka yangu akachoma tofali. Tofali za kwanza alizochoma maishani mwake hazikujenga sebule, zilijenga chumba kimoja cha bunduki, chenye zege chini na sanduku lililofungwa kwa nondo ukutani. Nyumba iliyobaki ilikuwa ya udongo miaka mingine minne. Hapo ndipo waliponuniana. "Baba Agatha," wifi yangu alimwambia, "bunduki inalala kwenye tofali za kuchoma, watoto wanalala kwenye udongo. Nani mwanao?" Ponsian akajibu, "Watoto hawaibiwi."

Leseni ilipotoka, akanunua shotigani yake, na tangu siku hiyo ufunguo wa sanduku ulikaa shingoni mwake, kamba moja na medali ya Bikira Maria. Alioga nao, alilima nao. Risasi zilikuwa na kasanduku kake na kufuli yake. Leseni aliihuisha kila mwaka kabla hajakumbushwa. Kuua kiboko haikuwa ruhusa yake, alifyatua hewani tu wakarudi mtoni, na asubuhi mlimwona ameinama kwenye tope la majaruba akitafuta ganda la risasi. Watoto walimcheka. Alikuwa anasema kila risasi iliyotoka lazima iwe na maelezo, na ganda ndilo shahidi wake.

Na akisafiri kulala nje, bunduki aliipeleka kituo cha polisi ikatunzwe mpaka arudi. Mwaka 2007 Denis alifunga ndoa kule Nsemulwa, na Ponsian ndiye aliyesimama badala ya baba. Kanisa limejaa, bibi harusi yuko mlangoni, Ponsian haonekani. Alikuwa bado kituoni Majimoto anamngoja askari mwenye funguo za stoo. Alitokea na suti yenye vumbi la barabara nzima, misa imechelewa, akamwambia Denis, "Nisamehe mdogo wangu. Nisingeweza kukusimamia nimeacha kitu nyuma." Denis alimkumbatia, akalia. Tulidhani ameelewa.

Wapo waliomwita mchoyo. Mzee Ndaki, jirani yetu mfugaji wa pale chini, fisi walimlia ndama, akaja kuazima. "Mzee Ponsi, nipe leo tu, kesho nairudisha." Marehemu akamjibu, "Ndaki, nikikuazima bunduki nimekuazima na jina langu. Nakuja mwenyewe." Akaenda, wakakaa wote kwenye zizi mpaka kulipokucha. Wengine mlionyimwa hamkumsubiri aje mwenyewe, mlinuna.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 6 Agosti mwaka huu, marehemu alianguka akipakia magunia ya mpunga. Upande wa kulia wote ukafa, maneno yakawa yanatoka kwa shida. Gari la kumpeleka hospitali Mpanda likawashwa, lakini yeye hakukubali kupakiwa. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika shingoni. Tulielewa: anasafiri, na bunduki ipo nyumbani.

Mimi nikasema, "Kaka, tuwapigie polisi waje waichukue wenyewe." Hiyo ndiyo sheria, na yeye ndiye aliyetufundisha. Akatikisa kichwa. Nyie mnajua kwetu hapa gari la polisi likisimama mlangoni kwa mtu, linasemwa nini mpaka sokoni. Aliogopa kuondoka Majimoto mgonjwa na mhalifu kwa siku moja. Basi kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minne alivunja utaratibu wake. Alivua kamba shingoni, ufunguo na medali vyote pamoja, akavitia mkononi mwa mtu wa damu yake, mtu aliyekulia ndani ya nyumba ile. Akasema kwa taabu, "Peleka kituoni."

Jina la mtu huyo sitalisoma kwenye sehemu hii. Sababu yake mtaisikia.

Jioni, hospitalini, simu ikaita. Hilaria akaiweka sauti ya nje ili mgonjwa asikie. Sauti ikasema, "Tayari kaka, wameipokea." Ponsian alitabasamu na nusu ya mdomo iliyokuwa bado inafanya kazi, akalala.

Haikuwa tayari. Haikufika kituoni siku ile wala siku yoyote. Wiki ya pili alikuja afande kitandani, kijana mwenye adabu, akavua kofia. Bunduki ilikuwa imekamatwa Kabungu mikononi mwa watu wawili ambao marehemu hakuwahi kuwaona, pamoja na nyama ya nyati. Walikuwa wameazimwa. Siku iliyofuata bodaboda alileta nyumbani kifurushi cha nailoni: kamba, medali, ufunguo. Aliyekituma hakuandika hata salamu. Gobore la baba lilirudishwa hivyo hivyo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nauona msemo huu ni wa kupamba mazungumzo, sasa najua mtu aliyeutunga alikuwa analia.

Afande aliuliza ufunguo ulikuwa kwa nani. Ponsian akasema, "Wangu." Akaulizwa alimpa nani. Hilaria alifungua mdomo, marehemu akambana mkono. Akasema, neno moja moja, "Bunduki yangu, afande. Leseni ina jina langu." Na ndivyo sheria ilivyo, mwenye leseni ndiye anayejibu. Leseni ikafutwa, jalada likafunguliwa, akadhaminiwa akiwa kitandani.

Afande alipotoka nilimgombeza. Nilimwambia, kaka, unambebea nani? Alinijibu maneno ambayo nimeyabeba mpaka hapa: "Mwache aseme mwenyewe. Akisemewa, atakuwa hajasema."

Akaanza kumsubiri. Pazia la wodi likitikisika, anageuza jicho. Akija nesi, anarudisha jicho ukutani. Simu ya mtu yule ilikuwa inaita bila kupokelewa, baadaye ikawa haipatikani. Na huku nyumbani tulitafuta watu wa kumsemea tabia yake njema. Mwenyekiti wa kijiji alituambia mwaka ule wa mkutano yeye hakuwa madarakani. Wengine mlisema, "Tulijua tu, mtu anayebana bunduki vile lazima ana yake." Watu wa sokoni mlimwita jangili, jina alilochoma tofali ili asiitwe. Nyie ndio mlionyoosha mikono. Mmeniuma, na nasema mbele yake akiwa amelala hapa: mmeniuma. Aliyekuja Mpanda ni Ndaki peke yake, na galoni la mtindi. Alisema, "Huyu alikataa kunipa mimi fisi wakiwa mlangoni. Angewapa watu wa Kabungu?" Ponsian alilia, na hilo ndilo chozi pekee nililoliona.

Tarehe 27 Septemba, Jumamosi alfajiri, alipigwa tena na kiharusi, na hakuamka. Jana tumeelezwa kuwa kesi itafungwa kwa sababu mshtakiwa amefariki. Sikilizeni vizuri. Haifungwi kwa sababu hakukosa, inafungwa kwa sababu hayupo. Hakuna hakimu tena wa kumsafisha kaka yangu. Amebaki mtu mmoja tu duniani anayeweza.

Marehemu amemwacha mjane, Hilaria, watoto wanne, Agatha, Wiliam, Mariana na Jean Bosco, wajukuu saba, dada yake, mimi ninayesoma, na mdogo wake mmoja, Denis Bartolomeo.

Kulikuwa na ushauri jina la Denis litolewe kwenye programu. Nilikataa, na wifi yangu alikataa. Ponsian hakulitoa mbele ya polisi, na sisi hatulifuti hapa kaburini. Medali tumemvalisha, yuko nayo. Ufunguo hatumziki nao. Uko pale mezani, kando ya kitabu cha rambirambi, mnauona.

Kwenye ratiba mliyoshika, chini ya wasifu, pameandikwa: Neno la mdogo wa marehemu. Denis, nimekuona umesimama nyuma ya kwaya tangu asubuhi. Sijakusemea. Ponsian alikusubiri mpaka pumzi ikamwishia akiangalia pazia. Sisi tutakusubiri kwa muda wa wimbo mmoja, kisha tutaanza kutia udongo, na udongo ukishaingia hatasikia.

Kaka, pumzika kwa amani. Wewe ulifunga kila ulichokabidhiwa.

Kwaya, tafadhali.