Mzee Nusunoti, Fundi wa Kuimba Kombo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na sita ya kuimba vibaya kwa ustadi mkubwa, Mzee Nusunoti anastaafu rasmi kutoka kikundi chetu cha maonyesho. Anaondoka na afya njema, goti moja linalolalamika kila akipanda ngazi, na koti la kumetameta ambalo fundi wa mavazi amelitanua mara tatu bila kusema neno. Anayeandika haya ni mpiga kinanda wake, kwa hiyo msomaji asitegemee haki kamili.

Kwa wasiotujua, “Nusura Awe Yeye” ni mchezo wa kuchekesha na kuhuzunisha, wenye nyimbo ndani yake, kuhusu waigaji watatu wanaozunguka na gari bovu wakiimba nyimbo za waimbaji wakubwa waliokwisha kufariki. Wanaimba kwenye kumbi zenye viti vingi na watu wachache. Ndoa zao zinayumba, na kila mmoja anaamini kuwa wiki ijayo dunia itamtambua. Wahenga walishawamaliza kwa neno moja: jino la pembe si dawa ya pengo. Sisi nasi tumezunguka na mchezo huo mji baada ya mji, kwa gari bovu vilevile, na zipo siku hatukuwa na hakika nani anamwigiza nani.

Mzee Nusunoti alikuja kujaribiwa akiwa mwimbaji wa kwaya. Aliimba, ukumbi ukatulia tuli, hata fundi umeme akashuka kwenye ngazi yake asikilize. Mwongozaji akamshukuru, akamwambia, “Ndugu yangu, unaimba vizuri mno. Hutufai.” Alichotaka ni mtu ambaye, akifika mstari wa nne wa wimbo mkuu, sauti yake itashuka nusu noti chini ya vyombo, kisha apande tena kwa maringo kana kwamba hakuna kilichotokea. Akishuka sana, watazamaji wanamhurumia. Akishuka kidogo mno, hakuna anayecheka. Mwimbaji wetu akarudi nyumbani kujifunza kuharibu. Mkewe alivumilia, mpaka jirani alipokuja kuuliza kwa upole kama humo ndani kuna mgonjwa. Aliporudi kwetu alipewa kazi na jina la Nusunoti siku hiyo hiyo.

Kazi hiyo aliiweza kupita kiasi. Katika mji mmoja mwalimu wa muziki alimfuata nyuma ya jukwaa, akamshika mkono kwa huruma na kumwambia bado hajachelewa, yeye yuko tayari kumfundisha bure. Mzee Nusunoti alimshukuru, akaomba ratiba ya masomo. Mahali pengine walikuja kututazama waigaji wa kweli watatu, watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Walikaa safu ya mbele wamekunja mikono, hawakucheka hata mara moja. Mwishoni mmoja wao akauliza, “Nani aliwaambia habari zetu?” Mwenzake alitaka tu kujua koti lile limeshonwa wapi.

Ila mzaha mzaha hutumbua usaha, na wasifu huu haungekuwa mkweli kama ungeruka siku ya harusi ya binti yake. Mwanawe huyo wa pekee hakuomba zawadi. Aliomba baba amwimbie wimbo aliokuwa akimbembelezea alipokuwa mtoto, mbele ya wageni wote. Mzee alisimama, kinanda kikaanza, na mistari mitatu ya kwanza ilitoka safi kabisa. Mstari wa nne sauti ikashuka yenyewe, nusu noti, pale pale inaposhuka jukwaani. Wageni waliomjua kwa mchezo wakaangua kicheko, wakapiga makofi, wengine wakasimama juu ya viti. Naye, mazoea yana taabu, akainama kama anavyoinama kila Jumamosi.

Bibi harusi hakucheka. Alipomkumbatia baba yake alimwambia kitu ambacho sisi wa kwenye vyombo tulikisikia vizuri: “Baba, hata siku yangu?”

Tangu siku hiyo Mzee Nusunoti hakuweza kuuimba wimbo ule sawasawa. Alijaribu bafuni katika nyumba za wageni, alijaribu garini tukiwa safarini, na ukifika mstari wa nne unashuka. Daktari wa koo alimkagua, akasema koo ni zima kuliko la kwake. Nyumbani kwa binti alikaribishwa kama kawaida, chai ikaletwa, habari zikaulizwa, lakini kuimba hakuombwa tena. Hilo lilimuuma, na hakulificha. Alipokwenda kwa mwongozaji kuomba kustaafu kabla ya umri kufika, alisema maneno machache: “Nimewachekesha watu wa kutosha. Nataka sauti yangu, nimwimbie mwanangu.” Mwongozaji akakubali, akamwomba amalize mwaka mmoja.

Mwaka huu wa mwisho mimi naye tulifanya mazoezi ya wimbo ule kabla ya kila onyesho, viti vikiwa bado vinapangwa. Mistari mitatu, kisha wa nne, kisha kimya, kisha tena. Fundi mitambo alishauri aimbe amekaa. Fundi wa mavazi alishauri avue koti, maana pengine shetani yumo humo. Kila mtu alitoa dawa yake na hakuna iliyofanya kazi.

Onyesho lake la kuaga lilikuwa Jumapili iliyopita mchana. Ukumbi ulijaa, nusu noti ikashuka mahali pake, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Baadaye binti akaja chumba cha kubadilishia nguo akiwa na mtoto wake mchanga, mjukuu wa kwanza, ambaye kelele zilikuwa zimemtibua, akawa analia kama aliyetukanwa. Mzee, akiwa na fulana tu na rangi bado usoni, alimpokea. Hakuna aliyemwambia aimbe. Alianza tu wimbo ule, polepole, bila kinanda.

Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtoto akatulia, macho yakaanza kumlegea. Sisi wote tulisimama tulipokuwa, mmoja ameshika kiatu, mwingine kikombe. Mstari wa nne ukatoka umenyooka, juu, safi, kwa mara ya kwanza tangu ile harusi, na mpiga kinanda huyu hatakana kwamba alilia.

Mtoto akafumbua macho na kuangua kilio upya.

Mzee akaduwaa. Akarudia, ukatoka sawasawa tena, na mtoto akazidisha. Ndipo binti akasogea, akaweka mkono begani kwa baba yake, na tuliona kwamba anajizuia kucheka. “Baba, ushushe hapo,” alisema. “Kwetu pale panashuka. Mimi nikimlaza ndivyo ninavyomwimbia, nilijaribu kuunyoosha nikaona si wimbo wako.” Kisha akaanza yeye, mzee akamfuata, wakafika mstari wa nne na kushuka pamoja, nusu noti kamili, baba na mwana. Mjukuu akalala.

Mzee Nusunoti, kikundi kizima kinakushukuru kwa kila kicheko ulichotupatia, hata vile vilivyokugharimu. Nenda salama nyumbani kwa mkeo, kwa binti na kwa mjukuu, ukaimbe sawa au ukaimbe kombo, kwa kuwa sasa vyote viwili unaviweza na anayechagua si mwongozaji tena. Heri na afya viwe nawe siku zote.