Ndugu Rwegasira na Ng'ombe Arobaini na Wawili wa Sengerema

Ndugu Gosbert Rwegasira anastaafu tarehe 30 Juni 1984, baada ya kulitumikia Shirika letu la Utafiti wa Nyuklia, kituo cha Mwanza, kwa miaka kumi na tisa na miezi minne. Katika muda huo amepima maziwa, maji ya ziwa, dagaa, mchicha na mashine za eksirei, na karibu kila mara ameandika jibu lilelile: hakuna kitu. Wapo watu katika nchi hii waliopewa nishani kwa kazi zisizoonekana kuliko hiyo.

Wasifu huu nimepewa mimi kwa sababu wenye digrii wote wako semina. Mimi ni dereva na niliishia darasa la saba, lakini ukitaka kumjua mtu wa ofisi vizuri, muulize anayemwendesha.

Kwa msomaji ambaye bado anadhani hapa tunatengeneza bomu: hatutengenezi. Hata msumari hatutengenezi. Wakubwa wa dunia hujaribu mabomu yao majangwani na visiwani, vumbi linapanda juu, upepo unalisafirisha bila pasipoti, mvua inalishusha kwenye majani, ng'ombe anayala, mtoto anakunywa maziwa. Kazi yetu ni kujua kama vumbi hilo limetufikia. Tunachukua maziwa, tunayachoma mpaka yabaki jivu, tunaweka jivu chini ya mashine, nayo inahesabu kwa kulia tik, tik. Ikilia polepole, tunakwenda kula.

Kule Mabatini anakokaa, Ndugu Rwegasira hakuwahi kuyaeleza haya. Aliwaacha majirani waamini kwamba yeye ni mtu wa atomiki. Akiingia kilabuni alipishwa kiti chenye egemeo, na fundi baiskeli mmoja alikataa kuigusa baiskeli yake mpaka ioshwe kwanza. Koti jeupe la maabara alilivaa hadi kanisani, siku ya kipaimara cha binti yake. Na Kiingereza, jamani! Wenzetu wa Bukoba hata chumvi huiomba kwa Kiingereza. Mimi Msukuma, yeye Mhaya, tumezoeana kutaniana, kwa hiyo asikasirike mtu.

Sasa nifike mwaka 1981, ambao kwenye majalada ya ofisi umepita kwa mistari miwili tu.

Sampuli za maziwa huchukuliwa kwa chupa maalumu za kioo, zenye kifuniko cha kukaza. Makao makuu yalituletea dazeni nne katikati ya 1980. Mwaka ule tulikuwa tumefunga mkanda, na hata chupa ya mafuta ya taa ilikuwa inatafutwa. Naye Ndugu Rwegasira ni fundi wa rubisi, pombe ya ndizi ya kwao, fundi wa kweli, si wa cheti. Basi chupa zikaanza kuhama moja moja kutoka kabatini kwenda Mabatini. Zilirudi ofisini Krismasi na Pasaka zikiwa zimejaa, na kituo kizima tukazinywa. Nasema kituo kizima. Baada ya hapo nyingine zilivunjika, nyingine zikaenda na wageni.

Mwezi wa tano, tulipovuka na kivuko kwenda Sengerema kuchukua maziwa ya kijiji kimoja cha ujamaa, hatukuwa na chupa hata moja. Ndugu Rwegasira hakubabaika. Alimwomba Kashindye, mama msimamizi wa zizi la kijiji, atutilie maziwa kwenye kibuyu chake. Maziwa ni maziwa, alituambia, tena kwa Kiingereza.

Tulipoyachoma na kuyaweka kwenye mashine, ililia mara tatu ya kawaida. Mwaka uliotangulia bomu moja lilikuwa limelipuliwa hewani huko mbali, kwa hiyo kila mtu alijua la kufikiri. Ndugu Luhaga, wakati huo fundi mwenzake Rwegasira, alikwisha kupiga simu ya maandishi makao makuu kabla jivu halijapoa. Jibu lilikuja kesho yake: watoto wa shule wasipewe maziwa, na ng'ombe wote arobaini na wawili wapigwe risasi na kufukiwa ndani ya juma moja.

Kashindye alikuja mwenyewe na kivuko, kibuyu kichwani. Hakuja kupiga kelele. Alitaka kuonyeshwa kosa la ng'ombe wake. Ndugu Rwegasira akamuuliza alikioshaje kile kibuyu, naye akaeleza kama unavyomweleza mtoto: unasugua ndani kwa majivu, unafukiza moshi, na majivu kidogo unayaacha ili maziwa yanukie vizuri. Hapo mtaalamu wetu akakivuta kile kibuyu karibu. Alikuwa anajua tangu chuoni kwamba jivu la kuni lina kitu chake cha asili kinachoifanya ile mashine ilie, bomu liwepo au lisiwepo. Alikuwa anajua, na hakuuliza.

Akachota jivu lililobaki kibuyuni, akaliweka chini ya mashine. Ikalia vilevile. Kashindye akasikiliza kidogo, kisha akasema:

"Baba, hilo jivu ni la kuni za shambani kwangu. Kama ni bomu, basi nalipikia ugali tangu nimeolewa."

Siku iliyofuata tulivuka tena. Ng'ombe alikamuliwa moja kwa moja kwenye sufuria safi, tukarudi Mwanza pamoja na Kashindye, na mashine ikarudia mwendo wake wa uvivu. Hakuna kitu.

Kazi ilikuwa kuieleza hiyo habari. Ukisema kibuyu, utaulizwa chupa. Ukiulizwa chupa, utataja rubisi. Na mwezi uleule jina la Ndugu Rwegasira lilikuwa mezani kwa ajili ya ukuu wa kituo. Ndugu Luhaga akamshauri kirafiki aache mambo yapite. "Ng'ombe wa ujamaa ni wa wote, Gosbert," alimwambia, "hakuna atakayelia."

Ndugu Rwegasira akavuta kiti. "Ng'ombe hawajui kuandika barua," alisema. "Mimi najua."

Akaandika mbele yetu, kwa Kiswahili, mara ya kwanza na ya mwisho, ili Kashindye asomewe kabla bahasha haijafungwa. Alieleza jivu, akaeleza kibuyu, kisha akaandika kwamba chupa zote dazeni nne alizichukua yeye kwa pombe yake, na hakuna mwingine aliyehusika. Tulikuwa kumi na mmoja chumbani. Kila mtu alipata kitu cha kutazama dirishani. Mimi nilitazama tairi la Landrova.

Siku ya tano amri ya risasi ilifutwa. Ndugu Rwegasira alipata onyo kali, na ukuu wa kituo alipewa Ndugu Luhaga, ambaye leo amekaa meza kuu na ndiye atakayekabidhi saa ya ukutani. Tunamshukuru kwa kuruhusu wasifu huu upigwe chapa bila kuusoma.

Hivyo Ndugu Rwegasira anaondoka na cheo kilekile, na jalada lake bado linasema dazeni nne alizimaliza peke yake. Si kweli. Mimi nilikunywa chupa mbili na nusu. Waliobaki wajihesabu wenyewe.

Asante kwa kazi, Mzee, na shikamoo yangu niliyochelewa kuitoa. Nenda salama na meli ya Bukoba, wewe na mkeo Mama Kemilembe, mkaishi kwa amani na afya. Kashindye hakuweza kuja leo. Ametuma salamu, na idadi: sasa ni sabini na mmoja.